Mtoto wa darasa la sita kaniuliza kwa nini tunaungama kwa padri, nikakosa jibu. Wazazi Wakatoliki, mnafundishaje dini nyumbani?

MamaWatatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za Dominika.

Nina watoto watatu: binti wa kidato cha pili (14), kijana wa darasa la sita (12) na kitinda mimba wa darasa la pili. Tuko Dar. Mwaka jana tukiwa mezani, yule wa kati akaniuliza: "Mama, kwa nini tunaungama kwa padri? Si nimwambie Mungu mwenyewe?" Nikamjibu nilivyojibiwa mimi enzi zangu: ndivyo Kanisa linavyofundisha. Akaniangalia, akasema taratibu, "Kumbe na wewe hujui." Wali ulinikwama kooni.

Mimi nimelelewa misheni Kilimanjaro. Mafundisho tulipata kwa katekista, swali na jibu, na asiyejua jibu alirudi nyumbani na alama mguuni. Nani amekuumba? Mungu ameniumba. Alikuumba kwa nini? Nimjue, nimpende, nimtumikie, nifike kwake mbinguni. Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakujibu. Ila hakuna aliyeniuliza nimeelewa nini, na hilo sikulijua mpaka siku ya ule wali.

Nikaamua kufundisha mwenyewe. Acha niwasimulie nilivyofeli kwanza.

Nilinunua ubao mweupe Kariakoo, kalamu za rangi tatu, na kaunta buku moja kwa kila mtoto. Jumamosi saa kumi jioni, darasa sebuleni. Wiki ya kwanza Sakramenti saba, wiki ya pili Amri Kumi, na wiki ya tatu binti yangu akaumwa kichwa saa tisa na dakika hamsini. Nikamsikia wa kati akimwambia mdogo wake, "Leo tena kuna tuisheni ya Mungu." Nikaufunga ubao. Sasa hivi unaandikiwa orodha ya vitu vya sokoni.

Kilichokuja kufanya kazi ni kopo tupu la Blue Band. Nilitoboa tundu kwenye mfuniko, nikaliweka juu ya friji, nikasema: yeyote mwenye swali juu ya Mungu, Kanisa, Biblia, kifo, chochote, aandike atumbukize. Jina lisiandikwe. Jumapili baada ya chakula cha usiku televisheni inazimwa, tunatoa karatasi moja tu, nusu saa haizidi. (Miandiko niliitambua yote siku ya kwanza, ila nilijikausha. Baadaye wakashtuka, wakaanza kuandika kwa herufi kubwa.)

Hayo maswali sasa! Dinosauri walikuwemo kwenye safina? Mungu alikuwa wapi bibi alipokuwa anaumwa? Na wiki kama ya tano hivi, kwa herufi kubwa: PADRI AKISHASIKIA DHAMBI ZA MTU ANAMWAMBIA MAMA YAKE?

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi miwili nilikuwa nahangaika na Yohane 20, nimeandaa hoja kwamba Yesu aliwaambia mitume wowote watakaowaondolea dhambi wameondolewa na wowote watakaowafungia wamefungiwa, na mtu hawezi kuamua kuondolea au kufungia asichokisikia. Hoja ni nzuri na nilimpa. Lakini mtoto hakuwa anauliza hilo. Alikuwa na kitu moyoni na anaogopa paroko wetu, ambaye huwa anakuja kunywa chai nyumbani, atakitoa.

Basi tukasoma siri ya maungamo. Nikamwonyesha kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri hiyo haivunjiki, na kwa kanuni nyingine padri akiivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, bila kusubiri kesi. Hawezi kumwambia mama, polisi wala askofu. Kijana alikaa kimya, halafu akauliza, "Hata Papa akimwuliza?" Hata Papa. Jumamosi iliyofuata akaniomba nauli ya kwenda parokiani. Aliungama nini sijui, na sitakuja kujua.

Sasa nataka kusikia kwenu. Mnafanyaje na hawa wa miaka 11 mpaka 14? Komunyo ya Kwanza wameshapokea, Kipaimara bado au ndiyo wanajiandaa, mafundisho ya parokia ni saa moja na nusu kwa wiki, darasa lina watoto themanini. Karibuni.

---

Ngoja_Waje

Naweka kambi hapa. Wa kwangu ana 11 na ameshaanza kuniuliza mke wa Kaini alitoka wapi.

---

Katekista Mstaafu

Mama, amani ya Kristo.

Nimefundisha mafundisho kigangoni miaka 31, mkoa wa Tabora. Umenichoma kidogo hapo kwenye "alama mguuni", lakini sikatai, fimbo zilikuwepo na hazikuwa sawa. Ila msitupe na swali na jibu pamoja na fimbo.

Nikupe mfano. Nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja aliyepooza, hakumbuki hata majina ya wanawe. Nilipoanza "Salamu Maria, umejaa neema", akamalizia yote, neno kwa neno. Kilichokaririwa utotoni ndicho kilichobaki naye kitandani. Mtoto wa miaka 12 kichwa chake kinanasa kama ulimbo. Leo anakariri mashairi ya Bongo Fleva na kikosi kizima cha Simba na akiba zao. Kwa nini asikariri vipaji saba vya Roho Mtakatifu? Hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Akaririshwe, halafu ndipo muulizane maana yake.

Wazee wetu walisubiri zaidi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari liitwalo Mapadre Weupe, aliwaagiza watu wake kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Minne! Leo mzazi ananijia Januari anataka mtoto apate Kipaimara Juni kwa sababu ukumbi umeshalipiwa.

Jambo jingine. Wasimulie habari za vijana wa rika lao. Mtakatifu Kizito alikuwa na miaka kama 14, umri wa binti yako, alipochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Huyo wote wanamjua. Wachache wanamjua Denis Ssebuggwawo. Kijana wa ikulu, miaka kama 16. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimkamata siku moja mwezi Mei mwaka huohuo, akamwuliza alikuwa anafanya nini na kijana mwenzake aitwaye Mwafu. Akajibu kwamba alikuwa anamfundisha dini. Kabaka akamchoma mkuki, na kesho yake akauawa. Kijana anamfundisha kijana mwenzake, ndiyo kosa lake lote. Mimi kila nikisimulia hilo darasani, hata wale wa viti vya nyuma wananyamaza.

---

MamaWatatu

Shikamoo mzee wangu. Nimekubali kuhusu kukariri, nusu. Nitakuambia kwa nini nusu.

Wanangu wanasoma shule ya Kiingereza. Sala zote wanazijua kwa Kiingereza, wanazitiririsha. Tukienda jumuiya Jumamosi alfajiri, Rozari inaanza kwa Kiswahili, wanatafuna midomo tu kama samaki. Mwenyekiti wa jumuiya akanivuta pembeni akaniuliza kama watoto wangu ni Wakatoliki kweli. Aibu gani hiyo.

Kwa hiyo nao walikuwa wamekariri, ila wamekariri lugha ambayo bibi yao hasali. Sasa tuna utaratibu: Jumatatu mpaka Ijumaa sala ya usiku ni Kiswahili, na kila wiki tunachukua sentensi moja tunaibomoa. "Umebarikiwa kuliko wanawake wote" nani alisema? Elizabeti, Luka 1:42. "Umejaa neema" nani? Malaika, Luka 1:28. Binti akagundua mwenyewe kwamba nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka kwenye Biblia. Kesho yake akaenda nayo shuleni kumjibu rafiki yake aliyemwambia kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria. Alirudi anatembea kifua mbele wiki nzima.

Habari ya Ssebuggwawo sikuijua. Jumapili hii inaingia.

---

Mwana wa Neno

Dada, nakuheshimu kwa juhudi zako na watoto. Ila 1 Yohane 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Hakuna padri hapo. Mtoto wako aliuliza swali zuri, umempa sheria za Kanisa badala ya Neno.

---

Katekista Mstaafu

Ndugu, karibu. Neno amepewa, soma tena alipotaja Yohane 20. Na barua uliyoisoma ni ya Yohane huyohuyo kwa mapokeo ya Kanisa, hazigombani. Anayesamehe ni Mungu, padri ni mhudumu tu, hata sisi ndivyo tunavyofundisha. Uzi huu ni wa wazazi wanaolea watoto wao katika imani yao. Ukitaka mjadala fungua uzi wako, nitakuja na miwani yangu.

---

Mwana wa Neno

Sawa mzee, nimekuelewa. Lile kopo la maswali nitaliiba lakini.

---

Baba Njeri

Hamjambo wazazi wenzangu. Mimi niko Kiambu, Kenya. Binti yangu yuko Gredi ya 8, huku tunaita Junior School, umri ni uleule mnaouzungumzia.

Huku wana somo la CRE (elimu ya dini ya Kikristo) na wengi wetu tunajidanganya kwamba limemaliza kazi. Somo ni zuri, lakini limetungwa kwa Wakristo wa madhehebu yote, hivyo mambo yetu yenyewe yanapitwa juu juu. Njeri alikuwa anapata alama za juu kabisa na hajui kwa nini tunapiga goti tukiingia kanisani. Anafikiri ni desturi, kama kuvua kofia.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nafanya kitu kimoja: Jumamosi usiku tunasoma Injili ya kesho yake. Anasoma yeye kwa sauti, kisha kila mmoja anasema angemwuliza Yesu nini kama angekuwa hapo. Hakuna jibu sahihi. Mke wangu naye huwa anauliza vitu vinavyonitoa jasho.

Agosti 2024 Dominika zilipita kwenye zile Injili za Mkate wa Uzima, Yohane sura ya 6. Tukafika pale wengi wa wanafunzi wake wanarudi nyuma, hawaandamani naye tena. Njeri akauliza, "Kwa nini hakuwaita? Angewaambia tu ni mfano." Nikamwambia asome tena. Akasoma. Hakuwaita. Akawageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Kukawa kimya mezani. Baadaye akasema, "Kwa hivyo alimaanisha." Mimi nilikuwa nimesikia mahubiri ya Ekaristi miaka arobaini, na hakuna lililonishika kama hilo neno moja la mtoto. Kesho yake kanisani alipiga goti mpaka chini.

---

Ngoja_Waje

Baba Njeri umeua. Swali la kizembe: hao wenye watoto wanaosema "dini inachosha" mnafanyaje? Wangu anakwenda Misa kama anakwenda kung'olewa jino.

---

Dogo_F3

Shikamooni wazazi. Mimi nina miaka 15, niko likizo, nimeingia hapa kwa bahati tu. Naomba niseme kidogo.

Kinachochosha sio Misa. Ni ile tukitoka tu getini, "Haya, padri amehubiri nini?" Ukikosea unaambiwa ulikuwa unasinzia. Kwa hiyo nakariri sentensi mbili za mahubiri kwa ajili ya mama, zingine sisikii. Halafu baba yeye hubaki nje kwenye kivuli anaongea na simu mpaka matangazo, na hakuna anayemwuliza padri kasema nini.

Nilichopenda ni mwaka mmoja shangazi alinichukua na watoto wake tukaenda kumwona mgonjwa wa jumuiya. Tulibeba sukari, sabuni na unga. Yule bibi alikuwa na kidonda kinanuka sana, nilitaka kutoka. Shangazi akamsafisha huku anapiga naye hadithi kama kawaida. Njiani akatutajia matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho. Yale saba ya mwili ninayo mpaka leo, yale ya roho yananichanganya.

Samahani kama nimewakosea adabu.

---

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hujakosea adabu. Baba aliye kwenye kivuli kama yupo humu amesikia.

Ya roho ni haya: kuwashauri wenye mashaka, kuwafundisha wasiojua, kuwaonya wakosefu, kuwafariji wenye huzuni, kusamehe makosa, kuvumilia wasumbufu, kuwaombea wazima na wafu. Hilo la kuvumilia wasumbufu sisi makatekista tunalifanya kila Jumamosi.

---

Mtu wa Goma

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Goma, tuko Texas miaka tisa sasa. Kiswahili changu ni cha Kongo, munisamehe.

Hapa parokia iko na darasa la watoto kila juma, kwa Kiingereza, mwalimu ni mama muzuri sana. Lakini watoto wangu walianza kuona utakatifu ni kitu cha watu wengine. Sanamu zote nyeupe. Hata Carlo Acutis, ule kijana wa kompyuta aliyekufa na miaka 15 mwaka 2006, walimpenda, wakaweka picha yake kwenye simu. Nilifurahi, ila nikasema ngoja niwaonyeshe na wa kwetu.

Nikawasimulia Floribert Bwana Chui. Kijana wa Goma, alizaliwa 1981. Alikuwa anafanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Ukaletwa mchele umeharibika, watu wakataka apokee pesa aupitishe. Akakataa, kwa sababu watu wangeula wangeugua. Wakamwua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa likamtangaza mwenye heri kule Roma. Siku hiyo nyumba yetu ililia yote.

Mwanangu wa miaka 13 akaniuliza: "Papa, ungefanya kama yeye?" Kwetu "papa" ni baba. Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka mambo niliyolipia Goma ili karatasi zitembee. Nikamwambia kweli: sijui, kuna mara nilitoa pesa. Alinitazama sana. Nilifikiri nimeharibu. Jioni akaja kuniambia kwamba amekuwa akinakili kazi ya mwenzake ya hesabu.

---

MamaWatatu

Mtu wa Goma, nimesoma mara mbili. Asante.

Nimalizie na swali lililonisumbua kuliko yote, labda kuna wenye ndoa ya mseto humu. Mume wangu ni Mlutheri, na hana mpango wa kuhama. Karatasi ikatoka kwenye kopo: BABA ATAENDA MBINGUNI? Na yeye yuko hapohapo mezani, anachokonoa meno.

Nilitaka kuificha. Akanyoosha mkono, akaisoma mwenyewe kwa sauti. Akawaambia, "Mimi nimebatizwa kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mwulizeni mama kama Kanisa lenu linaukubali." Nikasema ndiyo, linaukubali, hata akihamia leo habatizwi tena, ubatizo ni mmoja. Nikawaeleza Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyowaita Wakristo wengine ndugu, na kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya namna mtu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, lile jambo lililowagombanisha tangu wakati wa Luther. Kwamba bado hatupokei Ekaristi pamoja, na kwamba hilo linaniuma kila Dominika. Sikuwaficha.

Kitinda mimba, ambaye tulidhani hasikilizi, akauliza: "Kwa hiyo baba haendi motoni?" Baba yake akamwambia kwamba hilo anaamua Mungu, ila yeye anakusudia kufika. Mtoto akashusha pumzi, akaomba maji. Kumbe alikuwa nalo siku nyingi.

Mzee Katekista, najua unaweza kusema nimelegea hapo.

---

Katekista Mstaafu

Hujalegea. Mimi mwenyewe shemeji yangu ni Mmoraviani, na ndiye aliyenipeleka hospitali usiku nilipoumwa.

Kitu kimoja tu. Karatasi za maswali zikianza kupungua, usishtuke, lakini angalia. Wakifika 14 na 15 wanaacha kuuliza mezani. Hapo mpeleke baba na kijana peke yao, shambani au kwenye mpira, na wewe na binti peke yenu. Mambo ya mwili kubadilika na ya Amri ya Sita (usizini) hayajibiwi mbele ya kitinda mimba. Na usitumie sauti ya mahubiri.

---

Ngoja_Waje

Leo nimenunua kopo. Watoto wameuliza kama tunaweza kula kwanza kilichomo.

Mleta uzi, turudishie mrejesho. Mnasoma nini sasa hivi?

---

MamaWatatu

Mrejesho. Swali la mwezi huu lilikuwa kwa nini Biblia yetu ina vitabu 73 na ya rafiki zao 66. Badala ya kuwapa historia, nikawaambia tuchukue kimoja kati ya hivyo saba tukisome chote. Tumechukua Tobiti.

Sikujua kama ni kitamu hivi. Baba kipofu, kijana Tobia anatumwa safari ya mbali kufuata fedha, mwenzake wa njiani ni malaika Rafaeli na yeye hajui, samaki mkubwa anataka kumla mguu mto Tigri. Msichana ambaye waume saba wamemfia usiku wa harusi! Kijana wangu aligoma kwenda kulala tulipofika hapo. Sura ya 4, mzee Tobiti anamwusia mwanawe asimgeuzie uso maskini yeyote, mume wangu aliomba irudiwe, na Biblia yake haina hicho kitabu.

Sasa tumekwama sura ya 6. Kuna mbwa anayefuatana nao safarini, na wanataka kujua aliitwa nani. Biblia haisemi. Wamepiga kura, kura tatu kwa moja, wamemwita Simba. Baba yao ni Yanga damu, na amesema kwa jina hilo hasomi zaidi.